Madirisha Mapya Katika Nyumba Iliyochomwa

Masomo: Ezra 3:10-13, Luka 23:33-34

Kama Biblia yako iko karibu, ifungue kitabu cha Ezra, mlango wa tatu. Pale tunasoma jinsi Wayahudi waliorudi kutoka Babeli walivyoweka msingi wa hekalu jipya mahali pa lile lililoteketezwa na adui. Vijana walishangilia. Lakini wazee waliolikumbuka hekalu la kwanza walilia mbele ya watu wote, na kelele za furaha zikachanganyika na za kilio, hata mtu aliyekuwa mbali asijue anasikia nini.

Leo nataka kuwasimulia habari za makanisa matatu ya Ulaya ambamo kelele hizo mbili zilisikika pamoja. Moja liko Uingereza, na mawili yako Ujerumani. Yote matatu yaliharibiwa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita watu walirudi kujenga. Ukienda leo katika makanisa hayo, kitu cha kwanza watakachokuonyesha ni madirisha ya vioo vya rangi. Najua kuna mama mmoja mahali fulani anayesema sasa hivi, "Mhubiri, vioo vinatuhusu nini sisi?" Mama, univumilie kidogo. Kwanza nikuambie ni nani aliyetengeneza vioo hivyo, na alimtengenezea nani.

Tuanze na mji wa Coventry, katikati ya Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda. Watu wake walitengeneza baiskeli na motokaa, na vita vilipokuja, viwanda hivyo vikageuzwa kutengeneza vyombo vya ndege na silaha. Katikati ya mji palikuwa na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, ambalo kuta zake zilijengwa katika karne ya 14 na ya 15. Mwaka 1939, watu walipoona kwamba vita viko mlangoni, walivitoa vile vioo vya kale vilivyosalia katika madirisha wakavihifadhi mbali. Lilikuwa jambo la busara. Hawakuweza kuling'oa paa wakalificha pia.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mwezi ulikuwa mpevu na mbingu nyeupe. Ndege za Ujerumani zilifika saa za jioni, nazo ziliendelea kuja, kundi baada ya kundi, karibu mpaka alfajiri. Juu ya kanisa walikuwako walinzi wanne tu: mkuu wa kanisa hilo, Provosti Richard Howard, mwashi wa kanisa, mzee Jock Forbes, na vijana wawili. Walikuwa na ndoo za mchanga, ndoo za maji, na pampu za mkono. Mabomu ya moto yaliyoanguka kwanza waliyazima. Yakaanguka mengine, yakatoboa paa la risasi na kushika mbao zilizokuwa chini yake, mahali ambapo mkono haufiki. Maji yakawaishia. Wazima moto walipokuja, mabomba ya mji yalikuwa yamepasuliwa na mabomu, na mipira yao ikakauka. Wale wanne walikimbia huku na huku wakiokoa vitu vichache walivyoweza kubeba, kisha wakasimama njiani wakitazama.

Kulipokucha zilibaki kuta za nje na mnara, ambao urefu wake ni mita 90 hivi. Ndani palikuwa na chungu ya mawe na mbao zinazofuka moshi. Mjini watu wapatao 568 walikuwa wamekufa.

Asubuhi ile ile aliingia mjini mtu mmoja jina lake John Piper. Alikuwa mchoraji aliyeajiriwa na serikali kuchora mambo ya vita. Alipoona watu wakichimbua maiti, aliona haya kusimama na kalamu na karatasi mbele yao. Basi akapanda katika ofisi ya mawakili iliyokuwa jirani, akamkuta msichana akipiga taipu karibu na dirisha, akaomba nafasi pale, akalichora kanisa lililokuwa bado lina moto. Likumbukeni jina hilo la Piper, kwa sababu tutakutana naye tena baada ya miaka ishirini.

Sasa angalieni waliyoyafanya watu wa Coventry. Forbes, yule mwashi, aliona maboriti mawili ya paa yaliyoungua yameanguka yakiwa yamepishana kama msalaba. Akayafunga pamoja, na msalaba huo ukasimamishwa mahali pa ibada katika magofu. Mchungaji mwingine, Arthur Wales, aliokota misumari mirefu ya kale iliyokuwa ikishika paa, akaunganisha mitatu ikawa msalaba mdogo. Na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1940, majuma sita tu baada ya moto, Provosti Howard alizungumza katika redio ya BBC, naye alizungumza kutoka humo humo magofuni. Mimi ninayesema nanyi kwa redio nikiwa nimeketi salama, mahubiri hayo hunifanya nitulie. Mtu yule angeweza kusema lolote na taifa zima lingeitikia amina. Alisema kwamba wao, pamoja na ugumu wote, wanajaribu kuondoa mawazo ya kisasi, na kwamba vita vikiisha watataka kujenga ulimwengu ulio mpole zaidi, unaofanana zaidi na yule Mtoto wa Bethlehemu.

Si wote waliopendezwa. Wako waliokuwa wamezika watoto wao mwezi uliopita. Mwaka 1948 Howard alichongesha maneno mawili katika ukuta ulio nyuma ya madhabahu iliyoungua: "Baba, samehe." Angalia vizuri, ndugu. Bwana wetu pale msalabani aliwaombea wale waliomsulubisha. Yeye aliweza kusema "wao", kwa kuwa hakuwa na dhambi. Ukutani pale neno "wao" halipo. Kufikia mwaka 1948 ndege za Uingereza zilikuwa zimekwisha kuchoma Hamburg na Dresden na Berlin, na makanisa ndani yake, na watu ndani ya nyumba zao. Maneno hayo mawili yanamwombea aliyetupa bomu, na aliyetupiwa, na mwana wa aliyetupiwa aliyekwenda kutupa lake.

Sisi wa Kenya, ambao tarehe 1 Januari 2008 tulisikia habari za kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, lililotiwa moto watu wakiwa ndani, tusiyasome maneno ya ukuta ule upesi upesi. Msamaha wa namna hiyo si wa kutolewa na mhubiri kwa niaba ya mama aliyefiwa.

Haya, turudi kwenye ujenzi. Mwaka 1951 alichaguliwa msanifu wa majengo Basil Spence, aliyeshinda mashindano ya ramani ya kanisa jipya. Huyu alikuwa askari Normandy mwaka 1944 na alikuwa ameona kwa macho yake makanisa ya vijiji yakipigwa mizinga. Wengi walitazamia kwamba magofu yataondolewa, ama kanisa la kale litajengwa upya lifanane na lile la zamani. Spence alikataa yote mawili. Alisema magofu yabaki jinsi yalivyo, na kanisa jipya lisimame ubavuni pake, yaunganishwe na ukumbi mmoja, ili mtu apite kutoka katika moja kuingia katika la pili. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa kwa daktari wa meno kwa ajili ya jipu, akapoteza fahamu alipochomwa sindano, na katika usingizi ule akajiona akitembea ndani ya kanisa ambalo bado halijajengwa. Sijui kama daktari alijua amesaidia nini.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, na ugomvi huo mtauelewa ninyi mlio katika kamati za ujenzi. Mwaka 1954 halmashauri ya mji wa Coventry ilituma watu kwa waziri kumwomba asitoe kibali cha kujenga. Watu walikuwa hawana nyumba. Shule zilikuwa zinahitajika. Saruji na chuma vilikuwa haba. Ninyi mnataka kanisa kubwa lenye vioo vya thamani? Swali hilo halikuulizwa na wapagani; baadhi yao walikuwa Wakristo wema, na mimi nisingependa kuwahukumu. Ni swali lile la wanafunzi pale Bethania, yule mwanamke alipovunja kibweta cha marhamu ambayo ingeuzwa wapewe maskini. Waziri, Sir David Eccles, alitoa kibali, akisema kwamba kanisa hili si la mji wa Coventry peke yake. Malkia aliweka jiwe la msingi tarehe 23 Machi 1956, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962.

Basi tuingie ndani. Upande wako wa kulia unaona jiwe kubwa, halikuchongwa isipokuwa juu, ambapo pametiwa bakuli la maji ya ubatizo. Jiwe hilo lililetwa kutoka Bethlehemu. Nyuma yake unasimama ukuta wote wa kioo, kutoka sakafuni hadi darini, umepinda kidogo kama mkono unaokumbatia, nao umegawanyika katika vyumba 195. Ni kazi ya John Piper, yule yule aliyelichora kanisa likiteketea. Yeye alitoa mfano wa rangi, na fundi wa vioo Patrick Reyntiens akaikata, akaichoma na kuiunganisha kwa miaka kadhaa. Kingoni rangi ni nzito: buluu, nyekundu, kijani, kahawia. Kadiri unavyokaribia katikati zinapungua, na katikati yenyewe ni manjano nyepesi na nyeupe, kama jua linalotoka nyuma ya wingu. Mtoto anapobatizwa asubuhi, nuru hiyo inaanguka juu ya jiwe la Bethlehemu na juu ya mtoto.

Katika ukuta ule hakuna sura ya mtu hata moja. Nalitaja hili kwa sababu katika shirika zetu nyingi swali la picha kanisani lina uchungu bado, na amri ya pili tunaijua wote. Waprotestanti wa Uingereza wenyewe, katika karne ya 16 na ya 17, walivunja kwa mawe na fito vioo vingi sana vya kale wakisema ni sanamu. Kwa hiyo ni jambo la kuchekesha kidogo, au la kumshukuru Mungu, kwamba mabomu yalipokwisha kuvunja vilivyobaki, mafundi wa karne ya 20 walirudi na vioo ambavyo hata yule mvunjaji wa zamani angekosa pa kupiga rungu. Ni rangi na nuru tu.

Ukiendelea mbele utashangaa. Wamekuambia kuna madirisha kumi makubwa, kila moja lina urefu wa mita 21 hivi, nawe unatazama mbele na huyaoni. Unaona mawe tu na miali ya rangi sakafuni. Sababu ni kwamba kuta za kanisa zimejengwa kama meno ya msumeno, na madirisha yote yameelekezwa kwenye meza ya Bwana. Anayeingia mlangoni huyapa mgongo wa ukuta. Lazima utembee mpaka mbele kabisa, kisha ugeuke. Hapo tu ndipo unayaona yote kumi pamoja. Ni kazi ya Lawrence Lee na wawili waliokuwa wanafunzi wake, Geoffrey Clarke na Keith New. Yamepangwa mawili mawili, moja kila upande: kijani karibu na mlango, mahali pa mwanzo wa maisha, kisha mekundu, kisha yenye rangi nyingi zilizochanganyika, kama miaka ile ambayo mtu ana kazi, na watoto, na madeni, na mashaka, kisha zambarau, na ya dhahabu karibu na meza. Wazee wanaelewa kanisa hilo kuliko vijana, nadhani. Kijana anaona ukuta. Mzee akigeuka anaona alikopita.

Kuna jambo moja la Coventry ambalo husemwa kwa uchache. Mwaka 1958 Rais wa Ujerumani ya Magharibi, Theodor Heuss, alifika Uingereza kwa ziara ya taifa. Ilikuwa miaka 13 tu tangu vita kwisha, na njiani wengi walimtazama bila kupiga makofi. Alitoa mchango kwa niaba ya nchi yake kwa ajili ya kanisa kuu la Coventry. Ndugu zangu, kutoa ni kugumu, lakini mahali pengine kupokea ni kugumu zaidi. Fikiria wewe ndiwe mweka hazina, umefiwa na ndugu yako usiku ule, na hela hiyo imewekwa mezani pako. Walipokea. Tena mwaka 1961 vijana wa Kijerumani walikuja wenyewe na vifaa vya kazi, wakasaidia kutengeneza sehemu ya magofu iwe mahali pa wageni. Na mwaka 1965 vijana kutoka Coventry walikwenda Dresden kusaidia kujenga tena hospitali ya Mashemasi wa kike iliyobomolewa na mabomu ya Waingereza.

Sasa tuvuke bahari tuingie Berlin. Hapa ni kanisa la Kiinjili, la Waprotestanti kama wengi wenu, lililojengwa kwa ukumbusho wa Kaisari Wilhelm wa kwanza na kuwekwa wakfu mwaka 1895. Lilikuwa jengo la fahari, mnara wake ukifika mita 113. Usiku wa kuamkia 23 Novemba 1943 ndege za Uingereza zililipiga. Mnara ukakatika ncha, ukabaki kama jino lililooza. Na wenyeji wa Berlin, ambao ulimi wao ni mkali, waliuita hivyo hivyo, jino bovu.

Msanifu Egon Eiermann alitaka kuliondoa gofu lote ajenge upya. Watu wa mji wakapiga kelele. Walitaka kuliona jino lao bovu. Mwishowe Eiermann alikubali, akaliacha gofu la mnara lisimame katikati, akajenga kandokando yake kanisa jipya lenye pembe nane na mnara mpya wa kengele. Kwa nje majengo hayo ni ya kijivu, hayana uzuri wowote wa kuvuta macho. Ni vyumba vidogo vya saruji vilivyopangwa kama sega la nyuki, na mchana, ukiwa barabarani, vioo vilivyomo vinaonekana vyeusi tu. Nakiri kwamba kwa picha ya nje nisingelikwenda kulitazama.

Lakini ndani! Aliyeitwa kutengeneza vioo alikuwa Gabriel Loire, Mfaransa mwenye karakana karibu na mji wa Chartres. Wapenzi wa vioo vya rangi wanaijua Chartres, kwa kuwa kanisa kuu la huko lina vioo vya karne ya 12 na ya 13 vyenye buluu ambayo haina mfano. Vioo hivyo navyo viliondolewa kabla ya vita na kufichwa, kwa hofu ya mabomu ya Wajerumani. Na kwa miaka minne, kuanzia 1940 hadi 1944, Wajerumani waliitawala Ufaransa kwa nguvu. Huyo ndiye mtu aliyeombwa kuwafanyia Wajerumani wa Berlin madirisha, naye aliwaletea buluu ya nyumbani kwake.

Niwaeleze kazi ilivyofanywa, maana ni kazi ya mikono. Kioo cha kale cha kanisa ni chembamba. Fundi hukata vipande kwa umbo alilochora, huvipaka, huvichoma, kisha huviunganisha kwa vipande vya risasi. Loire alitumia namna nyingine. Kioo chake kinamiminwa kikiwa kizito kama matofali membamba, unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Fundi hukipiga kwa nyundo mpaka kimeguke, na mahali kilipomeguka panabaki makovu na magamba. Kisha vipande hupangwa na saruji humiminwa kati yake. Angekuwa mtu asiyejua kazi angevisugua vipande hivyo viwe laini. Fundi havisugui. Nuru ikifika kwenye kioo laini hupita moja kwa moja. Ikifika mahali pa kovu huvunjika na kutawanyika, na hapo ndipo kioo kinapowaka. Katika kanisa lile mna vipande zaidi ya 20,000, vingi vya buluu, na kati yake nyekundu kidogo, kijani kidogo, na manjano.

Tena kanisa lina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, zenye nafasi kati yake ya mita mbili na zaidi. Barabara iliyo nje ni ya motokaa usiku na mchana, lakini makelele hufia katika nafasi hiyo. Katika nafasi hiyo hiyo zimetiwa taa. Jua likitua zinawashwa, na lile jengo la kijivu linaanza kutoa nuru ya buluu barabarani, kwa mlevi na kwa polisi na kwa msafiri anayengoja basi. Liliwekwa wakfu tarehe 17 Desemba 1961. Miezi minne kabla, tarehe 13 Agosti, ukuta ule wa Berlin ulikuwa umeanza kujengwa, nao uligawanya mji kwa miaka 28. Waliokuja siku ile ya kuweka wakfu, wengi walikuwa na mama au kaka upande wa pili wasioweza kuja. Na katika gofu la mnara pamewekwa leo msalaba wa misumari, uliotoka Coventry.

Kanisa la tatu ni la Wakatoliki, nami nawaomba ndugu zangu wa madhehebu yetu wasizime redio. Liko katika mji wa Mainz, kando ya mto Rhine, nalo ni la Mtakatifu Stefano. Liliharibiwa vibaya na mabomu, likajengwa tena polepole, na kwa miaka mingi madirisha yake yalikuwa na vioo vya kawaida. Mwaka 1973 kasisi wake, Klaus Mayer, aliandika barua kwa mchoraji mmoja mzee aliyekaa Ufaransa kumwomba awatengenezee dirisha. Mchoraji huyo alikuwa Marc Chagall.

Chagall alikuwa Myahudi. Alizaliwa mwaka 1887 huko Vitebsk, ambao leo uko katika nchi ya Belarus. Mwaka 1941 alilazimika kukimbilia Marekani ili asikamatwe na watu wa Hitler, na mji wa kwao, ambao alikuwa akiuchora maisha yake yote, uliharibiwa na Wayahudi wake wakauawa. Mainz nao ulikuwa mji wa Wayahudi tangu kale. Mwaka 1096 watu waliojiita askari wa msalaba waliwaua Wayahudi wa Mainz kwa jina la Kristo, na mwaka 1942 waliosalia walipakiwa katika magari ya moshi wasirudi. Barua hiyo, basi, ilikuwa inamwomba mtu jambo ambalo hakuwa na deni nalo. Chagall hakukubali upesi. Kasisi Mayer, ambaye jamaa za baba yake walikuwa Wayahudi, aliendelea kumwandikia na kumwendea.

Mwaka 1978 dirisha la kwanza liliwekwa. Chagall alikuwa na miaka 91. Hakuacha hapo, alifanya tisa kwa jumla, na ya mwisho aliyamaliza karibu na kifo chake, tarehe 28 Machi 1985, akiwa na miaka 97. Fundi aliyekata na kuchoma vioo hivyo, Charles Marq wa Reims, aliendelea baada yake na madirisha yaliyobaki, akiyafanya ya rangi nyepesi ili yasishindane na ya mzee. Ukiingia leo katika kanisa hilo unaona hewa yenyewe ni buluu, kama mtu aliye ndani ya maji safi. Katika buluu hiyo wanaelea malaika na watu wa Agano la Kale.

Sasa hapa picha zipo, nami nataka tuitazame moja. Mtu mwingine angedhani Myahudi akipewa dirisha katika nchi ile angechora Sodoma likiteketea. Katika lile dirisha la kwanza Chagall alimchora Ibrahimu akiwakaribisha wageni watatu, na Yakobo akiota ngazi, na Musa akipokea mbao za amri. Tena alimweka Ibrahimu wa Mwanzo mlango wa 18 katika sehemu yake ya mwisho. Mnakumbuka hayo. Ibrahimu amesimama mbele za Bwana akiuombea mji mwovu usiokuwa wake: wakiwapo hamsini wenye haki, je? Wakiwapo arobaini na watano? Akashuka hadi kumi, akiona haya kila mara aongezapo neno. Myahudi wa miaka 91 aliyachora maombi hayo kwa ajili ya dirisha la Wajerumani, mahali ambapo jua la asubuhi huingia.

Huko Coventry wageni wengi hukimbilia kanisa jipya, kwa vioo vyake. Lakini ukisimama katika lile la kale utaona kitu kingine. Matundu ya madirisha yake bado yapo, yenye nguzo nyembamba za mawe zilizochongwa zamani kushika vioo, nayo yameachwa wazi tangu usiku ule wa 1940. Hakuna aliyeyatia kioo. Mvua inaingia, na njiwa, na upepo. Kila Ijumaa saa sita mchana watu hukusanyika humo, mbele ya yale maneno mawili ya ukutani, na kusoma maombi ya kuungama dhambi za mataifa, maombi yaliyotungwa mwaka 1958: chuki, tamaa, wivu, kutojali, na kila baada ya moja wote huitikia, "Baba, samehe." Wakati huo hapa kwetu ni saa tisa alasiri, au saa nane wakati wa kiangazi chao. Juma hili, Ijumaa ikifika, ukiwa shambani au ofisini, watakuwa wamesimama pale.